Dawa Chungu ya Tabora

Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mzee mmoja wa Chama mbele ya vijana na akina mama katika mkutano wa tawi. Tumeyachapa kama alivyoyasema, isipokuwa maamkizi marefu ya mwanzo tumeyaacha.



Nimeombwa niseme juu ya siku zilizoligeuza taifa letu. Katibu aliponiletea barua nilijua kwamba kila aliyesoma hapa ana tarehe zake kichwani: 7 Julai 1954, 9 Desemba 1961, 26 Aprili 1964, 5 Februari 1967. Mtoto akizitaja zote bila kukosea mwalimu humpa alama. Lakini juzi nilimwuliza mjukuu wangu, "Tarehe 9 Desemba 1961 watu walifanya nini?" Akanijibu, "Walipata Uhuru." Nikamwuliza, "Waliupata wapi? Waliuokota?" Akanyamaza. (Kicheko.)

Msimcheke yeye. Kosa ni letu sisi wakubwa. Tumewafundisha watoto siku jahazi lilipoteremshwa majini, hatukuwafundisha siku zilipokatwa mbao. Wazee walikwisha kutuonya: usione vyaelea, vimeundwa.

Kwa hiyo leo nimeamua kusema habari za siku ambazo hazina gwaride wala sikukuu. Ni siku chache za mwezi wa Januari 1958, pale Tabora, wajumbe wa TANU walipokutana katika mkutano wao mkuu wa mwaka, wakabishana juu ya jambo lililoitwa kura tatu. Mimi sikuwako. Nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Lakini nimeishi maisha yangu yote katika nyumba iliyojengwa na uamuzi ule, na nyinyi pia.

Tena ninayo sababu nyingine ya kuchagua habari hii, nanyi mnaijua. Nimesikia ya kuwa katika mtaa huu mmegombana juu ya kamati ya maji. Wengine wanasema mgawanyo wa viti katika kamati ile si wa haki, kwa hiyo tususie. Wengine wanasema tuingie hivyo hivyo. Hayo ni mambo ya kawaida. Lakini nimesikia pia ya kuwa mmeanza kuitana wasaliti. Neno hilo ndilo lililonitoa nyumbani kwangu jioni hii.

MBAO ZILIVYOKATWA

Kwanza tutazame nyuma kidogo, maana hakuna mtu aliyelala mtumwa akaamka na chama.

Julai 1905, huko Umatumbi, watu waliolazimishwa kulima pamba ya Wajerumani waliing'oa. Vita vya Maji Maji vikaanza, vikaenea kusini yote, makabila mengi pamoja, mpaka mwaka 1907. Kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe walikufa watu 75,000, na wataalamu waliokuja baadaye wanaona ya kuwa idadi yenyewe ni kubwa sana kuliko hiyo. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa sababu askari walichoma vyakula mashambani na ghalani. Babu zetu hawakupungukiwa na ushujaa. Walitufundisha kwamba Mngoni na Mmatumbi wanaweza kuwa na adui mmoja, na walitufundisha kwa damu kwamba ushujaa peke yake hautoshi.

Mwaka 1929, katika mji wa Dar es Salaam, makarani na waalimu na watu wa mjini waliunda African Association. Chama kile kilikuwa cha adabu sana, cha kuandika barua na kungoja majibu. Wako wanaokidharau leo. Mimi sikidharau. Watu wa kabila mbalimbali walijifunza mle kukaa kitako, kuchagua mwenyekiti, kutunza daftari la fedha, na kumsikiliza mtu mpaka amalize. Hiyo nayo ni mbao.

Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Walikuwa wamegoma tena kabla ya hapo, mwaka 1939 na 1943, lakini safari hii mgomo ulipanda reli ukaingia bara. Serikali ikaona, na wafanyakazi wenyewe wakaona, kwamba njia iliyojengwa kusafirishia pamba na katani inaweza pia kusafirisha ghadhabu.

Mwaka 1951 Wameru kama 3,000 walifukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu. Hawakushika mikuki. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet akaenda New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Ukipima kwa ushindi utasema walishindwa. Lakini nchi nzima ilisikia ya kuwa mkulima wa Meru amesimama mbele ya mataifa akasema habari zake kwa kinywa chake, na baada ya hapo hakuna Gavana aliyeweza kutuambia kwamba Waafrika wa Tanganyika hawana neno la kusema.

Ndipo tukafika 7 Julai 1954. African Association ikageuzwa TANU, Mwalimu Julius Nyerere akawa Rais wake. Lakini angalieni hali ilivyokuwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1953, Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kuingia katika vyama vya siasa. Na wakati ule Mwafrika aliyesoma, kazi yake ilikuwa wapi? Serikalini. Basi watu wengi waliojua kusoma na kuandika walifungiwa nje ya Chama. Mwalimu mwenyewe ilimbidi mwaka 1955 aache kazi yake ya kufundisha Pugu.

Nani basi waliokibeba Chama? Wachuuzi wa sokoni, madereva, wakulima wa pamba na kahawa, na akina mama. Bibi Titi Mohamed hakuwa na elimu kubwa ya shule. Alikuwa mwimbaji mashuhuri wa ngoma mjini. Mwaka 1955 alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, naye hakuanza kwa kuandika waraka. Alikwenda kwenye vyama vya ngoma, mahali ambapo wanawake walikuwa tayari wana viongozi wao, michango yao, na desturi ya kukusanyika. Nyumba ilikuwapo, yeye alibisha hodi tu, akaonyesha kwamba nyumba hiyo ina kazi nyingine. (Makofi.)

Vijana, likamateni hilo. Chama hakiundwi na hotuba. Watu huingia katika harakati kwa mkono wa mtu wanayemjua: shoga, jirani, mtani, dereva aliyempakia mgonjwa wako bila nauli.

MTEGO

Sasa tuingie katika shauri lenyewe.

Mwaka 1955 Serikali ililipanga upya Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe wasio wa Serikali walikuwa 30: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Wakasema hii ndiyo haki, kila taifa limepata sawa. Lakini sensa ya mwaka 1957 ilionyesha Waafrika zaidi ya milioni nane na nusu, Waasia zaidi ya elfu sabini, na Wazungu kama elfu ishirini. Yaani Waafrika zaidi ya mia nne kwa Mzungu mmoja. Ni sawa na kupika sufuria ya wali kwa ukoo mzima, ukaigawa mafungu matatu: fungu moja la ukoo wote, fungu la pili la wageni wanne, na fungu la tatu la mgeni mmoja, kisha ukanawa mikono ukasema umegawa sawasawa. (Kicheko.)

Gavana wa wakati ule alikuwa Sir Edward Twining. Aliipenda siasa hiyo ya mafungu matatu, na mwaka 1956 kikaanzishwa chama cha kuitetea, United Tanganyika Party, UTP. TANU kwa upande wake ilibanwa. Matawi yalifungwa katika wilaya mbalimbali. Usukumani Chama kilikatazwa miaka mingi. Na mwaka 1957 Mwalimu alizuiwa kwa muda kuhutubia watu hadharani.

Kisha ikaja habari ya uchaguzi. Tulikuwa tumeudai, nao ukaletwa umefungwa katika karatasi ya namna hii. Kila jimbo litachagua wajumbe watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja, na kila mpiga kura lazima awapigie kura wote watatu. Ukimchagua Mwafrika ukaacha wale wawili, kura yako haihesabiwi.

Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilikuwa sharti uwe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au uwe umefika darasa la nane, au uwe na cheo kinachotambuliwa na sheria. Shilingi 3,000! Mkulima gani wa wakati ule alikuwa nazo? Mama gani wa ngoma? Watu walioubeba mzigo wa Chama kichwani kutoka mtaa hata mtaa waliambiwa wakae nje wangojee wenye fedha na vyeti wapige kura.

Huo ndio uliokuwa mtego. Ukiingia, umekubali ya kuwa watu huhesabiwa kwa rangi. Ukikataa, uchaguzi utafanyika bila wewe, UTP itachukua viti bila jasho, na Serikali itauambia ulimwengu kwamba Waafrika wamepewa kura wakaikataa.

MABISHANO

Wajumbe walipofika Tabora, Januari 1958, wengi walikuja na neno moja mdomoni: tususie. Wala msidhani walikuwa wajinga. Hoja zao zilikuwa na uzito, na mtu asiyeziheshimu hawezi kuuelewa uamuzi uliofuata.

Walisema: tumewaambia watu miaka minne kwamba nchi hii ni yao na kwamba mtu ni mtu. Leo tuwaendee tuwaambie wapige kura kwa fungu la rangi? Walisema: ukikubali robo ya haki, mwenye kukunyima atasema umetosheka. Walisema: ni nani atakayemwangalia mama wa kijijini usoni, yeye ambaye ametoa senti zake, akamwambia, "Mama, wewe huna kura, lakini karani wa bomani anayo, tena atampigia na Mzungu"?

Mwalimu Nyerere alikuwa na hoja nyingine, na mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Desemba 1957, alikuwa amejiuzulu kutoka katika Baraza lile la Kutunga Sheria. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anatafuta kiti. Yeye aliona kwamba kususia kutawapa UTP kile ambacho hawangeweza kukipata kwa kura. Kura tatu aliichukia kama wenzake. Swali lake lilikuwa: je, chuki yetu tuitumie kwa kukaa nje, au kwa kuingia ndani tuivunje?

Na hapa ndipo penye ufunguo wa jambo zima. Sheria ilisema lazima Mwafrika apige kura kwa Mzungu. Haikusema Mzungu gani. Ilisema lazima amchague Mwasia. Haikusema Mwasia gani. Na katika daftari la wapiga kura, ijapokuwa Waafrika wengi mno walikuwa wamefungiwa nje, bado waliokuwamo walikuwa wengi kuliko wengine. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba Waafrika hao, wakishikamana, wataamua si Mwafrika yupi tu atakayeingia Barazani, bali hata Mzungu yupi na Mwasia yupi. Kamba iliyosokotwa ili itufunge ilikuwa na ncha mbili, na ncha moja ilikuwa mkononi mwetu.

Mkutano ulibishana kwa siku kadhaa, kisha ukaamua: TANU itaingia katika uchaguzi. Uamuzi ule ukapata jina, ukaitwa Uamuzi wa Busara. Sasa jina ni tamu. Siku ile ulikuwa mchungu kama shubiri. Wajumbe waliokuja na neno la kususia ilibidi warudi makwao, wawakusanye watu wale wale waliowaahidi kwamba tutakataa, wakawaambia, "Tumekubali, na sababu ni hizi." Fikirini ugumu wa safari ile ya kurudi. Kupanda jukwaani na kusema "Hatutaki!" ni kazi ya dakika moja. Kumweleza jirani mwenye hasira kwa nini tunameza dawa chungu ni kazi ya usiku kucha.

Si wote waliokubali. Bwana Zuberi Mtemvu, mtu aliyekifanyia Chama kazi kubwa, alijitoa akaanzisha chama chake, African National Congress. Nitarudi kwake, maana habari yake ni sehemu ya somo la leo.

YALIYOFUATA

Uchaguzi ulifanywa kwa mafungu mawili, majimbo matano mwezi wa Septemba 1958, na mengine matano Februari 1959. TANU ilisimamisha watu wake, na kwa viti vya Wazungu na Waasia ikawaunga mkono watu walioamini serikali ya watu wote: Bwana Derek Bryceson, Lady Chesham wa Iringa, Bwana Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, Bibi Sophia Mustafa wa Arusha, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya siasa za Tanganyika za siku zile. TANU pamoja na hao iliowaunga mkono walivuna viti karibu vyote. Kwingine, Februari, hata hapakuwa na wa kushindana nao. UTP haikusimama tena.

Lakini nisiwadanganye ndugu zangu, nikasema karatasi za kura peke yake ndizo zilizofanya kazi. Mwaka ule ule 1958, wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma Dar es Salaam, watu wa mji waliacha kuinunua bia ile ili kuwaunga mkono. Na huko Geita, wakulima waliokataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, walilolazimishiwa, waliandamana kwa maelfu hata Mwanza kupeleka malalamiko yao. Na Agosti mwaka ule Mwalimu alihukumiwa kwa maneno yaliyochapwa katika gazeti la Chama juu ya mabwana wa wilaya. Akapewa kuchagua faini au kifungo cha miezi sita. Na faini yenyewe mnajua ilikuwa kiasi gani? Shilingi 3,000. Zile zile za sharti la kupiga kura! (Kicheko na makofi.) Faini ililipwa, naye akaendelea na uchaguzi.

Serikali basi iliona mambo mawili kwa wakati mmoja. Iliona kwamba watu hawa wanaweza kukataa, na iliona kwamba wanaweza kujitawala wenyewe katika nidhamu. Moja lingekosekana, la pili lisingekuwa na nguvu. Kura bila watu wa Geita ingekuwa karatasi tu. Watu wa Geita bila kura wangeitwa wafanya fujo.

Gavana mpya, Sir Richard Turnbull, aliyefika Julai 1958, alitamka Barazani mwezi wa Oktoba kwamba Waafrika ndio watakaokuwa wengi katika Baraza na katika Serikali. Hivyo siasa ya mafungu matatu sawasawa ilizikwa miezi tisa tu baada ya Tabora. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71. Mei 1961 tukapata madaraka ya ndani, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapanda.

Kuna tunda jingine, nalo halitajwi sana. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, wako wajumbe Bungeni waliotaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu alikataa kabisa, akasema Serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupima uraia kwa rangi ya ngozi. Aliweza kusema hivyo, na watu wakamwelewa, kwa sababu walikuwa wamekwisha kupita shule ya kura tatu. Wakoloni walitaka kutufundisha kugawanyika katika mafungu. Sisi katika kutumia sheria yao tulijifunza kumwuliza mgombea anasimamia nini, badala ya kumwuliza ametoka wapi. Mtego ukageuka darasa.

WALIOKATAA

Sasa nirudi kwa Bwana Mtemvu.

Aliondoka, akagombana na TANU, na mwezi wa Novemba 1962 alisimama kushindana na Mwalimu katika uchaguzi wa Rais wa kwanza wa Jamhuri. Mwalimu alipata zaidi ya kura milioni moja, na Mtemvu zaidi ya 21,000. Siasa yake ya Afrika kwa Waafrika tu mimi siikubali, na wapiga kura hawakuikubali. Baadaye alirudi TANU.

Lakini nawaulizeni: je, mtu yule alikuwa msaliti? Alisema waziwazi aliyoyaamini. Alikiacha Chama mchana, si usiku. Alikwenda kwa wananchi kuomba kura, akahesabiwa, akashindwa. Na wale wengine waliotaka kususia lakini hawakuondoka, waliokaa wakatii uamuzi walioupinga, hao ndio hatuwataji kabisa. Hakuna barabara yenye jina lao. Mimi naona bila wao Tabora ingekuwa mwanzo wa kuvunjika badala ya mwanzo wa Uhuru. Waliopinga walifanya kazi mbili: waliilazimisha hoja ya kuingia itoe sababu zake zote hadharani, na baada ya hapo waliibeba mabegani ijapokuwa haikuwa yao.

Na mimi ni mtu wa Chama, lakini sharti niseme ukweli. Baadaye desturi ile ya Tabora ilififia. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Zilikuwapo sababu, nchi ilikuwa changa, na umoja ulikuwa na maadui. Walakini katika miaka iliyofuata tulijizoeza kuona kila neno la kupinga kama jiwe linalorushwa nyumbani kwetu. Mtu aliyekuwa na shaka alijifunza kuinyamazia. Na chama ambacho watu wake wananyamaza ni kama daktari ambaye wagonjwa wake wote wanamwambia hawajambo.

Basi ikafika mwaka 1991, ikaundwa Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Katika kila watu kumi, kama wanane walisema tubaki na chama kimoja, wawili wakasema tuingie vyama vingi. Na Tume ikashauri nini? Ikashauri vyama vingi. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wako walioshangaa: wachache wamewashindaje wengi? Mimi nadhani jibu lilikuwa Tabora. Wawili katika kumi si uchafu wa kufagiwa. Ni ndugu zako wanaoona jambo ambalo wewe hujaliona bado, au wanaokosea kwa moyo safi. Na kwa vyovyote vile watakuwa jirani zako kesho asubuhi.

KAMATI YA MAJI

Ndugu zangu, nimalize nilipoanzia.

Sikuja kuwaambia muingie katika kamati ya maji au muisusie. Mimi sichoti maji katika kisima chenu. (Kicheko.) Tena nisingependa mtu asimame kesho aseme, "Mzee ametuambia Tabora waliingia, kwa hiyo tuingie." Tabora waliingia kwa sababu walihesabu kura zilizomo katika daftari, wakaona ncha ya kamba i mikononi mwao. Kama wangehesabu wakaona haimo, labda busara ingekuwa kususia. Watu wa Dar es Salaam walisusa bia mwaka ule ule, na ilikuwa sawa. Kuingia si busara daima, wala kususia si ushujaa daima. Busara ni kuhesabu kwanza.

Ninachowaomba ni haya. Kaeni chini na daftari. Mjue viti ni vingapi, nani anapiga kura, nani amefungiwa nje, na kwa nini. Mkishajua, bishaneni, tena bishaneni sana, na anayepinga apewe nafasi ya mwisho kama aliyopewa anayeunga mkono. Mkiamua, aliyeshindwa asifuatwe njiani kwa maneno ya kejeli, naye asiende kuubomoa usiku uamuzi uliofanywa mchana. Na ninyi mtakaoshinda, nendeni kwanza nyumbani kwa yule mama ambaye hana kiti wala kura katika kamati ile, lakini ndiye anayeamka saa kumi alfajiri na ndoo kichwani. Mwelezeni uso kwa uso mmeamua nini na kwa nini. Mkiona haya kumweleza, basi jueni uamuzi wenu una kasoro, rudini mkakae tena.

Mwaka 1958 wako akina mama wengi wasiokuwa na shilingi 3,000 wala cheti cha darasa la nane. Walijenga nyumba, wakazuiwa mlangoni. Wangeweza kusema, "Basi, pigeni wenyewe hizo kura zenu." Chama kingekufa siku ile. Badala yake waliendelea kugawa kadi, kuchanga senti, na kuwapokea wageni wa Chama majumbani mwao, wakingojea mlango ufunguliwe. Ukafunguliwa. Mkiniuliza taifa liligeuzwa na nani, nitawataja Mwalimu na Bibi Titi kwa heshima zote. Kisha nitawataja hao, ijapokuwa majina yao siyajui.

Juu ya ngao ya taifa letu yameandikwa maneno mawili, Uhuru na Umoja. Vijana wengi hudhani umoja maana yake ni watu wote kusema neno moja. Sivyo. Watu wa Tabora hawakusema neno moja. Walisema maneno mengi, makali, siku kadhaa, kisha wengi wao wakatoka kwa mlango mmoja. Huo ndio umoja ulioleta Uhuru, na ndio ninaowaombea hapa mtaani kwenu.

Uhuru na Umoja! (Makofi marefu.)